Uji wa lishe unampandishia mama sukari?

BintiMuheza: Wakubwa shikamooni. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, anameza metformini, vidonge vya kushusha sukari. Asubuhi kabla hajala kipimo cha sukari kinasoma 6.4 au 6.8 (mmol/L). Akinywa kikombe kikubwa cha uji wa lishe, usio na hata punje ya sukari, saa mbili baadaye tunakuta 13 na ushei. Siku akila maharage na kipande cha muhogo, haifiki huko. Uji si ndio tunaambiwa chakula cha wagonjwa? Naomba msaada.

MamaMkubwaPangani: Marahaba mwanangu, mpe mama pole. Ugonjwa huu ninao miaka mingi. Uji kutotiwa sukari hakuuondolei wanga. Ule unga ni mahindi, mchele na ulezi, umesagwa laini kisha ukachemshwa mpaka ukaiva kabisa, kwa hiyo tumbo halina kazi iliyobaki. Wanga unageuka glukosi, yaani sukari, na kuingia kwenye damu kwa mkupuo. Maharage yana nyuzinyuzi na protini, yanakwenda taratibu.

Mimi asubuhi nakula yai la kuchemsha au maharage ya jana, mchicha ukiwepo, na muhogo usiozidi ngumi yangu. Chai ya tangawizi, bila sukari. Uji nikiutamani napika wa dona, kikombe kidogo cha chai, na karanga za kutafuna pembeni. Na tafadhali asali usimtilie ukidhani ni dawa, inapandisha vilevile.

MuuguziZamu: Mama mkubwa yuko sahihi. Kwa wengi lengo ni 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, ila daktari wake anaweza kumpangia tofauti kulingana na umri. Andikeni daftarini alichokula na kipimo chake, mwende nalo kliniki. Wanaochoma insulini au kumeza glibenklamaidi (kidonge cha kisukari kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi) wasiruke kifungua kinywa kabisa! Ikishuka chini ya 4, mtu anatoka jasho na kutetemeka. Hapo apewe maji ya sukari upesi.

BintiMuheza: Asanteni mno. Mbaazi za nazi je? Anazipenda sana na maandazi.

MamaMkubwaPangani: Mbaazi mpe bila wasiwasi, tui liwe jepesi. Andazi ndilo la kupunguza: moja, dogo, tena siyo kila siku.