Tupeane uzoefu: shujaa gani wa hadithi za zamani amewahi kukupa mchezo mzuri mezani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tunaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambapo msimulizi mmoja anaongoza hadithi, kila mchezaji ana mhusika wake, na dadu huamua kama jambo analojaribu limefaulu: Dungeons & Dragons, Call of Cthulhu na ndugu zake, au hata kanuni mlizotunga wenyewe kwa daftari na dadu mbili. Naomba tusimuliane jambo moja: shujaa gani wa hadithi za kusisimua za zamani ulimchukua, na ulimtumiaje?

Nazungumzia hasa majarida ya Marekani ya miaka ya 1920 na 1930, yale ya karatasi duni na majalada ya rangi kali, yaliyouzwa kwa senti 10 na kuendelea. Conan, yule shujaa wa upanga wa Robert E. Howard, alitokea humo, kwenye Weird Tales la Desemba 1932. Na hatulazimishi undugu. Gary Gygax, aliyeitoa Dungeons & Dragons pamoja na Dave Arneson mwaka 1974, aliwaorodhesha waandishi waliomwathiri mwishoni mwa mwongozo wake wa msimulizi wa 1979. Howard yumo, Fritz Leiber yumo, Lovecraft yumo.

Naanza mimi. Wangu ni Doc Savage, aliyeanza 1933. Huyu ni daktari, mwanasayansi, mpiganaji, kila kitu anakiweza, na ndiyo maana hafai kuchezwa: akiwepo mezani, wengine wote wanabaki watazamaji. Utajiri uko kwa wasaidizi wake watano. Kuna mkemia, mwanasheria, mhandisi wa ujenzi, mtaalamu wa umeme na mwanaakiolojia. Nikamteka Doc kabla mchezo haujaanza, nikawaacha hao watano kwenye ofisi yake ya ghorofa ya 86 kule New York, simu inalia.

Dada aliyecheza mwanasheria alikuwa na namba dhaifu kabisa za kupigana. Walipofika bandarini, ofisa wa forodha akazuia masanduku ya mkemia. Nilitegemea watampiga ngumi. Yeye akavuta kiti, akaomba aoneshwe kifungu cha sheria, akaanza kukisoma neno kwa neno huku anauliza maswali. Kila swali nilimrushisha dadu, na kila akifaulu mkemia alipata dakika moja ya kuchanganya dawa zake nyuma ya masanduku. Meza nzima ilisimama. Tangu siku ile, kila mlango ninaoweka kwenye mchezo nauliza kwanza: huu ni wa nani kati yao?

Kingine kilichonisaidia ni mpango wa Lester Dent, mwandishi aliyeandika sehemu kubwa ya hadithi za Doc. Aliigawa hadithi ya maneno 6,000 katika vipande vinne sawa, na kila kipande kilipaswa kumzidishia shujaa matatizo, kuwa na mapambano ya mwili, na kuishia na jambo lisilotarajiwa. Kikao cha jioni moja kinakaa humo bila shida. Mnaochezesha watu waliochoka na kazi, ujaribuni.

Karibuni.

Mdau, Nairobi

Asante kwa uzi, kaka. Mimi ni wa Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa wapelelezi. Mchezo wenyewe ulitoka 1981, na kampeni yake kubwa ya 1984, Masks of Nyarlathotep, ina sehemu nzima inayochezwa Kenya ya mwaka 1925. Wapelelezi huja kutoka nje na kofia zao za safari, kama mashujaa wa majarida yale yale. Sikutaka hivyo nyumbani kwangu. Wachezaji wangu nikawafanya wenyeji: karani wa reli, mwalimu wa shule ya misheni, mama wa sokoni, dereva wa mzungu.

Halafu nikaingiza kipande, ile hati ya utambulisho ya wakati wa mkoloni. Wanaume Waafrika walilazimika kukivaa enzi zile, kwenye kikopo cha bati shingoni. Nikaandika kadi, nikaziweka kwenye viberiti vitupu vyenye uzi, kila mwenye mhusika wa kiume akavaa chake. Usiku, mtaani, askari anawasimamisha: kipande kiko wapi? Karani alikuwa amekivua akakiacha jikoni alipoenda kuchukua chai. Sikumrushisha dadu. Kikopo hakipo, basi hakipo. Wenzake ikabidi watafute njia ya kumtoa rumande kabla ya alfajiri, na jini la kitabuni likasubiri.

Mama wa sokoni nilimpa historia: ndugu yake alipigwa risasi tarehe 16 Machi 1922, umati ulipodai Harry Thuku aachiliwe, siku ile aliyouawa Mary Muthoni Nyanjiru. Hakuna mchezaji aliyeniuliza tena kwa nini mama huyu haogopi mizimu.

Mwanzisha uzi

Dada, hiyo ya viberiti naichukua kesho asubuhi.

Mdau, Unguja

Kwetu ni Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Kitabu chake cha kwanza ni cha 1960. Mimi nacheza upande wa Najum, yule rafiki yake anayeuliza maswali, kwa sababu wachezaji wote ni kina Najum: wanaona kila kitu, hawajui kipi kina maana. Mapigano kwenye meza yetu ni nadra. Ushahidi wanaupata barazani kwenye kahawa, na ukimkosea heshima mzee mmoja, baraza zima linanyamaza.

Mdau, Toronto

Nawaletea Imaro wa Charles Saunders. Saunders alikuwa Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada mwaka 1969. Alizipenda hadithi za Howard lakini ziliwadhalilisha watu wake, akaamua kutunga shujaa wake, na kitabu kikatoka 1981. Bara lake analiita Nyumbani. Wanangu wamezaliwa huku, na nilipoweka ramani ya Nyumbani mezani walianza kunisomea majina kwa sauti kabla hata sijagawa karatasi za wahusika. Mdogo hakutaka kuwa shujaa, akachagua kuwa mchunga ng'ombe. Ng'ombe wale ndio waliookoa kijiji.

Mdau, Mwanza

Sisi tuko mikoa tofauti, tunacheza kwa ujumbe wa sauti. Tunamtumia The Shadow, yule mpambanaji wa siri anayewawinda wahalifu. Alianza 1930 akiwa sauti tu kwenye redio. Wasikilizaji wakaanza kuuliza jarida lake, na 1931 Walter Gibson akapewa kazi ya kuliandika. Wachezaji ni mawakala wake. Hawamwoni kamwe. Wanapokea sauti yangu saa nne usiku, na kila mmoja anapata kipande cha habari ambacho mwenzake hana.

Mdau, Morogoro

Wakuu, Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, je? Nampenda sana, ila anafanya kazi peke yake.

Mwanzisha uzi

Anafaa, mkuu, ila mpeleke nyuma ya pazia. Wachezaji wawe watu wake wa mjini: mhudumu wa hoteli, dereva wa teksi, rubani, fundi redio. Gamba anawaachia bahasha mapokezi na ndege yake inaondoka. Wanaowinda wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wamekwisha kufika hotelini, na mhudumu ndiye aliyewapa funguo za chumba. Anzia hapo hapo, wakiwa bado kwenye ngazi.