Kamera ya kupigia picha wanasesere: DSLR ya mtumba, Olympus ndogo, au kubaki na simu?

Kibweta
Habari zenu wakuu. Natafuta kamera ya kupigia picha wanasesere wangu. Ni burudani tu, si biashara. Zimebaki chaguo tatu, na muuzaji amenishikia mzigo hadi mwisho wa wiki:

1. Canon 250D iliyotumika (DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha), na lenzi ya 18-55 pamoja na 50mm f/1.8
2. Olympus E-M10 Mark II iliyotumika, na lenzi ya 14-42
3. Kubaki na simu, hela yote iende kwenye taa na stendi

Ipi itatoa sura iliyo wazi na nyuma yenye ukungu mzuri?

Sita_kwa_Moja
Karibu sana, ila hujasema la kwanza kabisa: wanasesere wa ukubwa gani? Wa resini wa kipimo cha 1/3 (theluthi ya mtu halisi) ana sentimita 60 hivi, wa 1/6 ana 29. Kwa yule mkubwa karibu kamera yoyote inatosha. Kwa mdogo, ni lenzi inayoamua. Tuambie pia kama unapiga ndani au nje, kama una stendi ya kamera, na picha zinaishia kwenye skrini ya simu au unazichapisha.

FundiLenzi
Canon, bila kusita. Skrini yake inafunguka pembeni na kugeuka kila upande, na kwenye kazi hii hilo ni kubwa kuliko megapikseli. Kamera inatakiwa iwe usawa wa macho ya mwanasesere, maana yake sentimita 20 au 25 juu ya meza au sakafu. Bila skrini inayogeuka utapiga ukiwa umelala kifudifudi, au utapiga ukitokea juu na mwanasesere ataonekana mwanasesere. Ukiwa na 50mm f/1.8 fungua tundu lote (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), nyuma inayeyuka.

Sita_kwa_Moja
Mkuu Fundi, kwenye skrini nakubali kabisa. Kwenye f/1.8 hapana. Tuhesabu. Ile 50mm STM ya Canon ikisogea mwisho wake, sentimita 35 kutoka kwenye sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera), inakuza mara 0.21, yaani picha juu ya sensa ni 0.21 ya ukubwa halisi. Fremu inabeba kama milimita 106 kwa 71, yaani kichwa na mabega ya mwanasesere wa 1/6. Kwa f/1.8 hapo, eneo lililo wazi lina unene usiofika milimita 2. Kope zitakuwa wazi, pua imefifia na sikio halipo kabisa. Ukifunga hadi f/8 unapata kama milimita 8 na nusu, na hapo ndipo uso wote wa mbele unaingia.

Ukungu wa nyuma kwenye vitu vidogo unakuja wenyewe kwa sababu uko karibu. Kinachotafutwa ni kinyume chake: eneo la kutosha lililo wazi. Sogeza ukuta wa nyuma mbali na mwanasesere, sentimita 60 au 80, na hata f/8 itaufifisha.

Tena hiyo 18-55 f/4-5.6 ikiwa kwenye 55 inakuza mara 0.25, inaipita 50mm kwa ukaribu. Kwa kuwa utapiga f/8 hata hivyo, ile 50mm unailipia kitu ambacho hutakitumia sana.

Mwanga_Kwanza
Chaguo la tatu. Wengi wanaolalamika kuhusu kamera shida yao ni mwanga. Dirisha moja lisiloingiza jua la moja kwa moja, mwanasesere pembeni yake kwa nyuzi 45, karatasi nyeupe ya A4 upande wa pili umbali wa sentimita 15 ili kuinua kivuli. Taa za chumbani zima zote. Ukichanganya mwanga wa dirisha na wa balbu, shavu moja linakuwa la bluu na jingine la chungwa, na hakuna marekebisho ya rangi yatakayoponya mashavu yote mawili kwa pamoja.

Ukinunua taa ya LED angalia CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) iwe 95 au zaidi. Zenye CRI ya chini huwa dhaifu kwenye wekundu, na rangi ya ngozi ya vinili au resini inakuwa kama ya mgonjwa. Simu ya miaka ya karibuni yenye mwanga mzuri inaishinda 250D yenye mwanga mbovu.

FundiLenzi
Simu inaharibu sura. Pua inakuwa kubwa, masikio yanarudi nyuma. Lenzi ya simu ni pana mno, lazima 50 au zaidi.

Sita_kwa_Moja
Si upana wa lenzi unaoharibu sura, ni umbali. Lenzi pana inakulazimisha usogee, na kusogea ndiko kunakoikuza pua. Zidisha umbali wako kwa kipimo cha mwanasesere utaona. Kamera kuu ya simu, ile inayolingana na 26mm, kujaza kichwa na mabega ya 1/6 inabidi iwe sentimita 9 hivi kutoka usoni. Mara 6 ni sentimita 55 hivi. Mpige picha mtu mzima ukiwa sentimita 55 kutoka usoni pake, utapata pua hiyo hiyo. Picha ya uso wa mtu inapendeza ukiwa mita 1.5 hadi 3, kwa hiyo kwa 1/6 kaa sentimita 25 hadi 50. Kwa 1/3, sentimita 50 hadi mita 1.

Anayebaki na simu arudi nyuma na kutumia kukuza mara 2, kisha akate kingo. Mara 3 au 5 ina mtego: lenzi za kuvuta mbali za simu nyingi hazishiki fokasi karibu, kwa hiyo simu inarudi kimyakimya kwenye lenzi kuu na kukata picha katikati. Ziba lenzi ya kuvuta kwa kidole. Picha isipobadilika, ujue si hiyo inayofanya kazi.

FundiLenzi
Sawa, umbali. Lakini matokeo ni yale yale, anahitaji lenzi ndefu.

Resini_43
Mbona Olympus hamuitaji? Ina kitu ambacho 250D haina: kamera yenyewe inapiga mfululizo wa picha ikisogeza fokasi kidogo kidogo. Unaweka idadi ya picha na ukubwa wa hatua, inaanzia ncha ya pua hadi nywele za nyuma, halafu unaziunganisha kwenye kompyuta. Kwa 1/6, weka tundu f/5.6, hatua ndogo, anza na picha 15. Fokasi ya kwanza iwe mbele kidogo ya pua kwa sababu mfululizo unaenda nyuma tu. Kinachoharibu ni mwanasesere kutikisika katikati ya mfululizo, hasa nywele zikiguswa na feni. Zima feni.

Angalizo la taa: mfululizo huo unatumia shata ya kielektroniki. Chini ya LED za bei nafuu zinazopepesa utaona mistari ya giza ikivuka picha. Punguza kasi hadi 1/25 au polepole zaidi, au tumia mwanga wa dirisha.

Kuhusu sensa ndogo, hapa si hasara. Kwa fremu ile ile, f/8 ya Olympus inalingana na f/10 hivi ya hiyo Canon.

Ukali_wa_Jicho
Kabla hujatoa hela ya DSLR yoyote ya mtumba, soma hili, kwa sababu kwenye wanasesere kasoro hii inauma kuliko kwenye harusi.

Kuna DSLR moja ya ngazi ya chini (siyo 250D, na muuzaji simtaji) iliyonunuliwa na 50mm f/1.8 kwa kazi hii hii. Kila picha ya uso ilitoka na ncha ya pua iko wazi na macho yamefifia. Kwanza ikadhaniwa ni mkono, ikawekwa kwenye stendi. Hakuna mabadiliko. Ikadhaniwa ni kioo cha macho kinachochanganya fokasi, mwanasesere akabadilishwa macho kutoka ya kioo kwenda ya akriliki. Hakuna mabadiliko. Lenzi ikapelekwa kusafishwa bure, haikuwa na kuvu wala vumbi. Miezi ikapita.

Mwishowe kikafanyika kipimo cha rula, na ndicho ninachokuomba ufanye mbele ya muuzaji: laza rula mezani, kamera kwenye stendi iitazame kwa nyuzi 45, simamisha kadi yenye maandishi sambamba na kamera, ukingo wake ukigusa alama ya sentimita 10. Fungua tundu lote, shika fokasi kwenye kadi kwa kutazama kwenye tundu la macho (dirisha dogo la kuchungulia, si tundu la lenzi), piga mara 5. Kila mara sogeza fokasi mbali kwanza, ndipo uishike upya. Kamera ile ilikuwa inashika milimita 6 mbele ya kadi, mara zote 5. Ukimpiga mtu aliye mita 2 mbali milimita 6 hazionekani. Kwenye uso wa 1/6 ndiyo tofauti ya pua na jicho.

Sababu yake ni kwamba DSLR unapotumia tundu la macho inapima fokasi kwa sensa ya pembeni, kwa njia ya kioo. Kioo au sensa hiyo ikiwa imekaa vibaya kidogo, kipimo hakilingani na sensa ya picha. Kamera za ngazi ya juu zina menyu ya kurekebisha, za ngazi ya chini hazina, 250D ikiwemo. Dawa ilikuwa kupiga kwa kutumia skrini ya nyuma, hapo fokasi inapimwa na sensa ya picha yenyewe na kosa likaisha.

Sita_kwa_Moja
Naunga mkono. 250D ukitumia skrini ina fokasi nzuri sana na inatambua macho. Ila macho ya mwanasesere si ya kuachia mashine. Uso inautambua mara nyingi, kisha inashika kope za nje au ukingo wa nywele, na macho ya resini yako ndani zaidi ya kope. Weka nukta moja, kuza skrini mara 10, malizia kwa mkono.

Kibweta
Samahani kwa kuchelewa. Nina wawili: mmoja wa 1/6 wa vinili, sentimita 29, mwingine wa resini wa 1/4, sentimita 43. Napiga ndani, mezani, na mara moja moja bustanini. Stendi sina. Picha naweka mtandaoni, labda siku moja nichapishe A4. Na napenda sana picha za jicho peke yake, rangi ndani ya mboni.

Sita_kwa_Moja
Hilo la jicho ndilo ulilopaswa kuanza nalo! Jicho moja linataka ukuzaji wa 0.8 hadi 1, na lenzi zote ulizotaja hazifiki. Njia ya gharama ndogo ni mirija ya kurefusha inayokaa kati ya lenzi na kamera. Ongezeko ni urefu wa mrija ugawanywe kwa urefu wa lenzi: milimita 32 (mrija wa 12 na wa 20) kwenye 50mm inaongeza 0.64, jumla 0.85 hivi. Hakikisha mirija ina viunganishi vya umeme. Isiyo navyo inakuacha na tundu lililo wazi kabisa, na kwenye lenzi hizi huwezi kulifunga kwa mkono.

Kwa hiyo hapa 50mm inapata kazi yake. Fundi, hilo nakupa.

FundiLenzi
Nashukuru. Baadaye atafute 60mm f/2.8 makro (lenzi ya kupigia karibu sana) ya Canon ya EF-S, inafika 1 kwa 1.

Resini_43
Na Olympus kuna 60mm f/2.8 makro pia, 1 kwa 1, na mfululizo wa fokasi unafanya kazi nayo. Kwa jicho hasa, mfululizo ni lazima.

Bustanini, huyo wa resini asikae kwenye jua. Resini inageuka njano kwa miale ya urujuanimno, na haigeuki nyuma.

Mwanga_Kwanza
Dakika 10 za jua la asubuhi hazitamgeuza mtu njano. Kinachomaliza resini ni kabati la kioo linalotazama dirisha, mwaka hadi mwaka.

Resini_43
Miale hujumlika. Kumi leo, kumi kesho. Na kichwa chenye wigi hubaki cheupe chini ya nywele huku uso ukibadilika, ndipo utakapoona mstari. Kivulini kuna mwanga laini na bora zaidi kwa picha, sasa jua la nini?

Mwanga_Kwanza
Kwa cheche za macho. Chini ya mti macho yanakufa.

Resini_43
Kadi nyeupe chini ya kidevu, au mgeuze atazame anga lililo wazi. Cheche zinarudi.

Uzi_na_Sindano
Naomba niongeze lisilo la kamera. Picha nyingi zinasalitiwa na kitambaa. Maua ya sentimita 3 kwenye pazia la 1/6 ni maua ya sentimita 18 kwa mtu. Tafuta chapa zisizozidi milimita 5, na pamba nyembamba iliyofuliwa ili ianguke. Pindo la gauni likisimama lenyewe, lowesha kwa maji, libane kwa pini kwenye sponji likauke.

Kibweta
Asanteni sana. Naona simu imetoka, labda. Mirija ya kurefusha ipo pia kwa Olympus? Na waya wa kumsimamishia mwanasesere mnaufichaje?

Resini_43
Ipo, ya 10 na 16, yenye viunganishi.

Uzi_na_Sindano
Waya upite chini ya nguo kiunoni, nguzo iwe nyuma ya mguu ulio mbali na kamera. Akiwa na suruali, tumia udongo wa kunatia mabango chini ya soli, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kila mguu, kisha mwinamishe mbele kidogo hadi asimame mwenyewe. Kwenye vinili usiuache usiku kucha, mafuta yake yanaacha doa.

FundiLenzi
Kibweta, huyo muuzaji ana stendi ya miguu mitatu yenye nguzo ya katikati inayogeuzwa chini? Muulize, kwa meza yako utaihitaji kabla ya lenzi nyingine yoyote.