Mama (72) ameacha shamba, sasa kuinuka ni shida. Mazoezi gani yanamfaa?

Mdada wa Kihesa:
Shikamooni wakubwa, wengine kamwene. Mama yangu ana miaka 72. Mwaka juzi tulimtoa Ilula tukamleta hapa Iringa mjini apumzike, maana tangu nipate akili namwona kwenye nyanya tu. Basi amepumzika kweli. Anaota jua barazani mpaka saa sita, na akitaka kuinuka kwenye kochi sharti umpe mkono. Hospitali wamesema magoti yamesagika, wakampa dawa za maumivu, na "afanye mazoezi". Yapi? Raba nilizomnunulia anavaa kanisani. Kaka anasema umri huo mtu hakimbizwi.

Mzee wa Uyole:
Marahaba mwanangu. Nina 69, mwalimu mstaafu, na kochi hilo nalijua. Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu nilikuwa mtu wa redio na chai. Alfajiri moja ya Juni, baridi ya huku unaijua, natoka kwenda chooni, mguu ukagoma kuvuka kizingiti. Nilidaka mlango. Jirani yangu hakudaka kitu, akavunjika nyonga.

Aliyeniokoa ni binti wa mazoezi ya viungo, wala hakunikimbiza. Aliegemeza kiti cha mbao ukutani: inuka, keti, mikono kifuani, na ukishuka usijiachie puu. Siku ya kwanza mara tatu tu mapaja yakatetemeka kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Sasa napiga kumi, napumzika, kumi tena. Chai ikichemka nashika ukingo wa meza, nasimama kwa mguu mmoja.

Mwambie kaka yako goti hubebwa na paja. Misuli hupungua na umri, na ukikaa tu inapungua upesi zaidi. Mama yenu alikuwa na mazoezi, jembe na vilima, ninyi mkamnyang'anya kwa upendo. (Wanangu nao walinifanyia hivyohivyo.)

Nesi Tukuyu:
Mzee kamaliza. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, na siku 3 au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba. Zisimtishe, aanze na dakika kumi kumi. Anameza dawa za presha? Basi akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, asiinuke ghafla. Kifua kikibana, aache, mumpeleke hospitali.

Mdada wa Kihesa:
Asanteni. Leo nimemwekea kiti, akacheka: "Kuinuka na kuketi, si ndiyo ibada hiyo?" Kafanya nne, ya tano akashika meza. Nyuma ya nyumba nimempa matuta mawili ya mchicha. Jembe la dukani kalikataa, mpini mnene. La kwake kaka analifuata Ilula Jumamosi.