Wagonjwa wasio na miadi: tuwapangeje bila kuwaonea wenye miadi?

Daktari, Tabata
Ndugu zangu, kliniki yetu ya familia ina madaktari wawili na muuguzi mmoja. Wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu huja kwa miadi, lakini kila Jumatatu wasio na miadi huwa wamejaa barazani kabla ya saa mbili. Jumatatu iliyopita bibi mmoja, aliyefunga kula tangu usiku kwa ajili ya kipimo cha sukari, alisubiri hadi saa sita mchana, mikono ikaanza kumtetemeka, huku waliomtangulia kuchukua namba wakitibiwa mafua. Tulimpima haraka tukampa chai ya sukari, nami nimekosa amani tangu siku hiyo. Ninyi mnafanyaje?

Muuguzi, Temeke
Pole sana, Daktari. Mtoe muuguzi chumba cha sindano, asimame barazani saa ya kwanza. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, huyo hapangi foleni kabisa. Mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka palepale anaposubiri. Majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20, hivyo akiitwa ndani daktari tayari ana pa kuanzia.

Daktari, Kinondoni
Naunga mkono. Uholanzi msaidizi wa daktari humhoji mgonjwa kwenye simu, kisha humpa daraja la uharaka, kuanzia U0 ya anayehitaji kufufuliwa hadi U5 ya anayetosheka na ushauri. Kwetu wengi huja bila kupiga simu, kwa hiyo mahojiano hayo yafanyike mlangoni. Aidha, msijaze daftari la miadi: hesabuni kwa wiki nne ni wangapi huja bila miadi kila siku, ndipo muache nafasi wazi kwa kadiri hiyo, nyingi zaidi Jumatatu.

Mama, Kigamboni
Shikamooni madaktari. Niliwahi kukaa na mwanangu kwenye foleni, watu wakapitishwa mbele bila neno, nikaamini wana ndugu yao ndani. Tafadhali, mnapompitisha mtu, tuambieni sababu.

Daktari, Tabata
Marahaba, mama, muuguzi atalisema hilo kwa sauti kila asubuhi. Wa kisukari waliofunga kula tutawapima saa moja na nusu, kabla namba hazijaanza kugawiwa, na daftari la hesabu nimeshalinunua.