Naomba ushauri: safari ya farasi siku tano, Bob Marshall Wilderness

Wakuu, habari za humu. Naishi Missoula, Montana, huku Marekani. Agosti mimi na shemeji tunataka kuingia Bob Marshall, pori la hifadhi la milimani huku Montana, kwa farasi, tukauone ule ukuta wa mawe, Chinese Wall. Tuna farasi wawili wa kupanda na baghala mmoja wa mizigo. Kule gari haliruhusiwi, hata baiskeli. Ukiumia, mara nyingi wa kukutoa ni farasi wako.

Kinachoniumiza kichwa ni chakula cha wanyama. Kwenye misitu ya taifa huku, majani makavu lazima yawe na cheti kwamba hayana mbegu za magugu, na marobota mawili tu yanammaliza baghala. Mliowahi kwenda, mlibeba majani yaliyoshindiliwa vidonge, au mliwaacha wachunge?

Usiku je? Naambiwa kamba ya kuwafungia ivutwe juu kati ya miti miwili, na mikanda mipana izungushwe kwenye miti ili magome yasichubuke. Sasa wangu mmoja mkorofi, anatafuna kamba!

Halafu dubu. Chakula tutakining'iniza juu, ni njia mojawapo inayokubaliwa na sheria. Shemeji anang'ang'ania bunduki, mimi naona dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu inatosha. Nani yuko sahihi?