"Kijiji kitashirikishwa": hilo neno lifutwe kwenye sheria zetu au libaki?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Tangu 2021, Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinageuzwa moja baada ya nyingine. Mimi ni mfasiri wa kuokoteza, leo mkataba, kesho cheti cha kuzaliwa. Maneno ya kodi na bima hayanisumbui sana, kamusi zipo. Yanayonikosesha usingizi ni yale maneno madogo ya nani anatawala, nani anasimamia, nani anaamua.

Mwaka jana niliitwa kijijini kusoma barua ya mwekezaji mbele ya mkutano mkuu. Kurasa nne za Kiingereza, ardhi hekta 180. Mahali palipoandikwa "consulted" nikasoma "kijiji kitashirikishwa". Mzee mmoja mwenye kofia ya ukili, kakaa kwenye benchi la mbele, akanyoosha mkongojo: "Mwanangu, huko kushirikishwa ndiko kukubali, au ndiko kuambiwa?" Kabla sijafungua mdomo mtendaji wa kijiji akadakia, "Ni vyote viwili, mzee wangu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia chini. Kile Kiingereza hakikuwa na utata: wataulizwa maoni, kisha mtu mwingine ataamua.

Na barua yenyewe ilikuwa imewapunja tangu huko kwenye Kiingereza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, kama ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo tu na waziri ndiye anayeamua. Hekta moja juu ya 250, kitenzi kinahama kutoka kwa wanakijiji kinakwenda Dodoma. Sasa mtu akisema "watashirikishwa" kwa hekta 180, amewanyang'anya neno la kukataa na wao wanashangilia.

Kiingereza kina ngazi yake: "inform", "consult", "recommend", "approve", "decide". Sisi pia tunayo: kuarifu, kuomba maoni, kupendekeza, kuidhinisha, kuamua. Hakuna kilichopungua. Ila tumeleta hili gunia moja, kushirikisha, tukatumbukiza ngazi nzima humo.

Hoja yangu: neno hili lisitumike kabisa kwenye sheria wala barua za serikali. Nipingeni.

Wakili wa Mtaani

Mkuu, nakupinga kidogo. Ukilipiga marufuku "kushirikisha", wiki ijayo watakuja na "kuhusishwa", na mwezi ujao "kujumuishwa". Utafukuza panya hao mpaka lini?

Kidonda kikubwa kiko kwa "shall" na "may". Kwa Kiingereza, kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kimemaliza ubishi: "may" ni hiari, "shall" ni lazima. Kwa Kiswahili "shall" tumeizoea kama -ta-: "Waziri atateua bodi." Msomee bibi yako hiyo sentensi. Atakuuliza, "Lini?" Kwake ni habari ya kesho, si amri. Na "anaweza kuteua", je, ni ruhusa au tunasifia uwezo wake?

Hata Katiba ya 1977, ambayo iliandikwa kwa Kiswahili, imeegemea huko. Ibara ya 8 inasema Serikali "itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi". Mzaha wa darasani kwetu ulikuwa: itapata, bado haijapata. Lakini fungua ibara ya 37 kuhusu Rais na ushauri: "hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote". Hapo hakuna gunia, hakuna ukungu. Mwandishi alitaka kusema ushauri haumfungi, akasema. Kwa hiyo Kiswahili kinaweza, akitaka mwandishi. Mimi ningependa "lazima" iandikwe wazi kila penye lazima, hata kama sentensi itakuwa na sura mbaya.

Jirani wa Kisumu

Ndugu zangu wa ng'ambo ya pili ya ziwa, sisi ushiriki wa wananchi umo kwenye Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, na bado tunakabana koo. Sheria ya Fedha ya 2023: watu walitoa maoni, Bunge likapitisha lilichopitisha. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na mojawapo ya sababu ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini limekubali maoni haya na kuyatupa yale. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Upeo ikatengua uamuzi huo, sheria ikarudi.

Kwa hiyo majaji kwa majaji wamebishania swali lile lile la mzee wenu wa kofia. Sidhani kufuta neno kutatusaidia. Andikeni baada ya neno: aliyeuliza maoni analazimika kujibu nini, na kwa siku ngapi.

Mtu wa Pwani

Mnazungumzia kuamua kana kwamba ni neno la mkubwa. Kwetu kuamua ni kuingia katikati ya wawili wanaopigana ukawatenganisha. Ndiyo maana mpirani kuna mwamuzi. Mwenye ugomvi haamui ugomvi wake. Kile Kiingereza "decide" kimetoka kwenye Kilatini cha kukata, na sisi tunakata shauri, lakini hata anayekata shauri shurti awe amekaa barazani akasikiliza pande zote.

Na kama mnatafuta magunia, kuna jingine: kudhibiti. "Control" ni kudhibiti, "regulate" nayo ni kudhibiti. EWURA, ya nishati na maji, ni mamlaka ya udhibiti, LATRA, ya usafiri wa ardhini, ni mamlaka ya udhibiti, na CAG naye ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mmoja anapanga nauli, mwingine analinda kibubu cha taifa. Kwa masikio yangu wote wamemkaba mtu shingo.

Mpita Njia

Lugha haina kosa lolote hapa. Mtendaji alijua anachofanya.

Mtoa mada

Wakili, kwenye -ta- umenishinda, nitaanza kuandika "lazima" japo wahariri watanichukia. Jirani, la siku za kujibu nimelipenda, nitaliiba.

Mpita Njia, nilidhani hivyo mwanzoni, halafu nikaona hapana, aliyeanza ni mimi. Mtendaji alidakia neno nililomwekea mdomoni. Kwa hiyo niliporudi mjini niliandika upya ule ukurasa wa pili, bila malipo: "Kwa kuwa ardhi hii haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kukubali au kukataa. Ukikataa, ardhi haihamishwi." Nikampelekea mtendaji kwa basi. Alinipigia simu jioni, mpole kabisa, akanishukuru kwa kujisumbua. Kisha akaniuliza kama naweza kuirudisha ile ya kwanza, kwa sababu, alisema, hii ya sasa watu wataielewa vibaya.

Nilimuuliza wataielewaje. Akakaa kimya kidogo, akasema salio linaisha.