Mnanidai viza ya Uingereza kwa digrii niliyoisomea Mbagala?

Wakuu, mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la vichekesho, maana kila ninayemsimulia anaanza kucheka kabla sijafika katikati.

Nina digrii ya sayansi ya kompyuta ya University of London. Nimeisoma kwa mtandao nikiwa Mbagala, usiku, nikitoka kazini, kwenye laptopu ya mtumba. Ndege naiona ikipita juu tu. Sasa nimepata kazi, mwajiri anataka cheti kihakikiwe, nikaenda ofisi inayohusika na mambo hayo. Nikapewa karatasi ya masharti: nakala ya cheti, nakala ya matokeo, nakala ya pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka nchi uliyosoma, na nakala ya viza ya mwanafunzi.

Nikarudi dirishani.

"Shikamoo mama. Hapa kwenye viza, mimi sikusafiri."

"Marahaba. Sasa mwanangu, digrii ya Uingereza umeipataje bila kwenda Uingereza?"

Nikamweleza. Akakigeuza cheti nyuma, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. "Kalete barua ya ubalozi."

Barua ya ubalozi iseme nini, jamani? Kwamba Serikali ya Mfalme inathibitisha kuwa huyu bwana hakuja kwao?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnalifanya hili jambo kama ni utapeli ulioletwa na intaneti. University of London wameruhusiwa kumtahini mtu aliyejisomea popote alipo tangu hati yao ya mwaka 1858. Tangu 1858! Kufika 1865 mtihani wao ulishafanyika Mauritius, bahari yetu hii hii ya Hindi, Wajerumani hawajaja kututawala. Mandela alijisomea sheria kwa njia hiyo akiwa gerezani, na digrii yenyewe akaja kuipata UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989, nako ni masomo ya mbali vilevile. Naye tumwulize mihuri ya pasipoti?

Tuje nyumbani. Oktoba 1961 chuo chetu kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza na wanafunzi wachache wa sheria kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilikuwa chuo shiriki cha University of London. Walikaa Dar, wakasomea mitaala na mitihani iliyosimamiwa na London. Makerere walikuwa kwenye utaratibu huo huo tangu 1949. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kimekuja 1963, baada ya hapo. Kwa hiyo baadhi ya wazee waliojenga nchi hii walipata digrii za London wakiwa wanakula ugali wa hapa hapa, na hakuna aliyewaambia wakalete barua ya ubalozi.

Halafu tuna Chuo Kikuu Huria, kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Maana yake nchi ilishakubali zaidi ya miaka thelathini iliyopita kwamba mtu anaweza kujisomea nyumbani akawa msomi. Kwa nini akijisomea kwa chuo cha nje anageuka mtuhumiwa?

Sasa mtaniuliza kwa nini nilijitesa. Hela, wakuu. Mwanafunzi wa kigeni anayekwenda kukaa darasani Uingereza kusoma kompyuta, vyuo vingi vinamtoza pauni elfu ishirini na kuendelea kwa mwaka, bado chumba, bado chakula, bado viza yenyewe. Hii ya kwetu ilipoanza mwaka 2019 gharama yote hadi kumaliza ilikuwa kati ya pauni 9,600 na 17,000 kutegemea nchi unayotoka, na nchi zenye kipato kidogo ndizo zinalipa ya chini. Unalipia kwa moduli. Ukipata hela unachukua mbili tatu, ukiyumba unachukua moja, na una hadi miaka sita. Pauni inacheza juu ya shilingi elfu tatu, kwa hiyo usidhani ni bure. Ukipiga hesabu ya ile ada ya chini unakuta zaidi ya milioni 28, na kila shilingi ikidondoka ada inapanda bila chuo kubadilisha kitu. Lakini mtu wa kipato changu anaweza kuilipa kidogo kidogo. Ile nyingine hata nikiuza kiwanja cha marehemu baba haifiki.

Na asitokee mtu hapa akasema ni ya kununua. Masomo yanaandaliwa na Goldsmiths, chuo kimojawapo cha University of London. Unaanza kuandika programu kwa lugha ya JavaScript, unachora maumbo kwenye skrini unajiona fundi, halafu wanakutupia hisabati za mantiki na seti, algorithimu, hifadhidata, C++, usalama wa kompyuta, na mwisho kabisa mradi wako mwenyewe na ripoti yake. Hakuna mwalimu wa kukugongea meza. Video, maandishi, jukwaa la maswali, basi. Ukikwama kwenye uthibitisho wa hisabati saa saba usiku, umekwama wewe na mbu wako.

Mitihani ni Machi na Septemba. Kuna mmoja wa algorithimu umeme ulikatika nikiwa katikati ya swali la pili. Ruta ikazima. Nikahamia hotspoti ya simu, betri ya laptopu ya mtumba mnaijua, nikatoka na daftari mkononi hadi kwa jirani mwenye sola, mkewe akanipisha meza ya kukatia mboga. Nimepakia majibu yangu pale, picha za michoro ya miti ya algorithimu nimezipiga kwa simu huku mwanga wa tochi nimeshikiwa na mtoto wa darasa la tatu. Huo ndio mteremko mnaousema?

Turudi kwa waajiri, maana nao wamo. Kabla ya hii kazi niliomba sehemu nyingine kwa mtandao. Fomu inataka GPA. Digrii za Uingereza kwa kawaida hazina GPA, zina madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, la tatu. Mimi nina la pili la juu. Fomu haipokei maneno, inataka namba isiyozidi tano. Nikampigia dada wa HR.

"Kaka, weka tu yoyote tuendelee."

Niweke yoyote! Kesho mnaniita mghushi. Nikaacha wazi, mfumo ukanitoa wenyewe. Hapo hata vyeti havijafunguliwa.

Najua hofu inatoka wapi. Kuna digrii feki za "Uingereza" zinauzwa, na kuna mawakala wa hovyo. Mdogo wangu mmoja wa mtaani alilipishwa na wakala kwa ahadi ya digrii ya kompyuta, kumbe alichosajiliwa ni diploma ya ngazi ya tano. Kwa mfumo wa Uingereza, ngazi ya nne na ya tano zinalingana na miaka miwili ya kwanza ya chuo, digrii ni ya sita, na huo mwaka wa mwisho ni lazima uupate kwenye chuo kitakachokupokea, kwa ada nyingine. Wakala alikaa kimya kuhusu hilo mpaka hela ilipokwisha. Na alimtoza pia "ada ya maombi", wakati fomu mtu anaijaza mwenyewe kwa simu.

Lakini feki haikamatwi kwa muhuri wa uhamiaji. Mtu anaweza kukaa London miaka mitatu anaosha vyombo akarudi na pasipoti imejaa mihuri na cheti cha kuchapisha. Serikali ya Uingereza inatoa orodha ya vyuo vyenye mamlaka ya kutunuku digrii, ipo wazi. Kuna pia huduma ya huko ya kuhakiki digrii kwa mtandao, inaitwa Hedd. Na chuo chenyewe unakiandikia barua pepe kwamba huyu mnamjua au hamumjui. Hayo yote ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye kompyuta mezani, na ile ofisi kompyuta nimeziona kwa macho yangu.

Mwajiri amenipa hadi mwisho wa mwezi. Kama kuna mtu humu ameshahakikiwa cheti cha namna hii bila viza, naomba aniambie kwenye kile kipengele aliambatanisha nini, na dirisha lipi nimkwepe yule mama. PM iko wazi. Mawakala msinitafute.